Kompyuta Haiwaki Baada ya Kuingiliwa na Virusi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Lubumbashi

Maswali haya ni ya watu wanaoleta mashine zao kwa fundi: wanafunzi wa UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi) waliobakiza sura moja ya memwari (tasnifu ya kumalizia masomo), wenye sekretariati za kupigia chapa katika komini za Kenya na Katuba hapa mjini, makatibu wa shule, wahasibu wa maduka. Majibu yanahusu Windows 10 na 11, maana ndizo zinazoletwa zaidi. Majina ya menyu nimeyaacha kwa Kifaransa kwa sababu ndivyo mashine nyingi za hapa zinavyoonyesha.

Papa fundi, mashine imekufa kabisa, hata taa haionyeshi. Ni virusi?

Karibu kila mara, hapana. Kirusi ni programu, na programu inahitaji mashine iwe imewaka ndipo ifanye kazi yake. Haiwezi kuzima taa ya chaja wala kusimamisha feni. Hata nembo ya HP, Dell au Lenovo hutokea kabla Windows haijaguswa. Usipoiona nembo hiyo, chunguza chaja, betri, RAM (kumbukumbu ya muda ya mashine), au kisanduku cha umeme kilicho ndani ya mashine ya mezani. Katika mji wa delestaje (umeme kukatwa kwa zamu), umeme unaporudi ghafla hupiga hapo kwanza.

Kwa laptopu, chomoa chaja, toa betri kama inatoka, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika, kisha rudisha chaja peke yake na ujaribu. Kwa mashine ya mezani, toa RAM, ipanguse sehemu za shaba, irudishe mpaka ilie "tak".

Kuna virusi vichache vilivyovuka mpaka huo. CIH, kilichotokea 1998, kilikuwa na tarehe yake, 26 Aprili, na siku hiyo mwaka 1999 kilifuta mwanzo wa diski na, kwenye baadhi ya mashine, chipu ya BIOS yenyewe, programu ndogo inayoiamsha mashine kabla ya Windows. LoJax, iliyogunduliwa 2018, ilijificha ndani ya chipu ya UEFI, yaani BIOS ya kisasa. Lakini wanaotengeneza vitu vya aina ya LoJax wanataka mashine yako iendelee kuwaka ili waipeleleze. Mashine iliyokufa haiwasaidii kitu.

Basi nitajuaje kama ni virusi na si diski iliyochoka?

Angalia inakwama wapi. Nembo ikitokea, kisha maandishi meupe kama "No bootable device" au "Operating System not found", anza kwa kuchomoa kila kle (flashi ya USB) na kila diski ya nje. Mashine nyingi "zilizoharibiwa na virusi" zilikuwa zinajaribu kuwaka kutoka kwenye kle iliyosahauliwa nyuma. Kisha ingia BIOS (mara nyingi F2, F10 au Suppr, yaani Delete, mara tu unapowasha) uone kama diski imeorodheshwa. Haipo? Hilo ni tatizo la diski au waya. Ukisikia diski inagonga "tik, tik, tik", zima sasa hivi, usijaribu tena na tena, kama ndani kuna kitu unachokipenda.

Ukiwa BIOS angalia pia saa. Ikiwa tarehe imerudi nyuma miaka mingi, betri ndogo ya CR2032 imekwisha na mipangilio imerudi ya kiwandani. Mashine iliyokuwa imewekwa kwenye RAID ikarudi AHCI peke yake (ni njia mbili tofauti za kuisoma diski) itatoa skrini ya buluu yenye maneno INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, na mtu ataapa ni virusi. Rudisha RAID, itawaka.

Dalili za virusi ziko mbele zaidi: Windows inaanza, vidoti vinazunguka, halafu inajizima na kuwaka upya bila kikomo, au inakubali nenosiri kisha inakutoa, au unabaki na kioo cheusi chenye mshale tu. Na kabla ya hapo kulikuwa na historia: programu ya "kuamsha" Windows bila leseni, kle ya rafiki, kiambatisho cha barua pepe.

Ilikuwa inawaka vizuri na virusi vyake. Nimesafisha na antivirusi, sasa haiwaki! Kwa nini?

Hili ndilo swali ninalolipenda, maana watu wengi wanadhani kirusi kimelipiza kisasi. Mara nyingi kilichozuia mashine kuwaka ni usafishaji, si kirusi chenyewe.

Programu hasidi inayotaka kudumu hujipachika mahali ambapo Windows lazima ipite wakati wa kuamka. Kwa mfano, kwenye rejista (daftari la mipangilio ya Windows) kuna mstari unaoitwa Userinit, unaoiambia Windows ni faili gani ifungue mtu anapoingia. Kirusi hubadilisha mstari huo ili Windows ipite kwanza kwake. Antivirusi inakuja, inafuta faili ya kirusi, inaondoka. Mstari unabaki ukielekeza kwenye faili ambayo haipo tena. Windows inafika hapo, haikuti kitu, inakutoa nje. Mtu aliyekata nguzo iliyooza bila kuweka nyingine asishangae paa likishuka.

Aina nyingine huambukiza faili halali ya mfumo, kwa mfano draiva (programu inayoendesha kifaa). Antivirusi ikiifuta badala ya kuiponya, diski haisomeki wakati wa kuwaka. Mwezi wa Februari 2010 Microsoft ilitoa sasisho lililobadilisha kiini cha Windows, na mashine nyingi zikaanza kutoa skrini ya buluu. Uchunguzi ukaonyesha zilikuwa na Alureon, programu hasidi iliyokuwa imejificha kwenye draiva na kutegemea anwani za zamani za kiini hicho. Wenye mashine hawakujua kabisa kuwa wanaishi na mgeni.

Na antivirusi yenyewe inaweza kuwa chanzo. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho moja bovu la CrowdStrike liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 duniani, ndege zikabaki ardhini, na hakukuwa na kirusi hata kimoja. Kwa hiyo mwambie fundi ulichofanya kabla mashine haijagoma, hata kama unaona aibu. Inaokoa saa nyingi.

Nianze na nini? Nina memwari humo ndani.

Anza na memwari. Usiitengeneze mashine kwanza. Kila jaribio la kutengeneza huandika kitu kwenye diski, na mengine huandika mahali pabaya. Diski mpya inanunuliwa mjini. Sura yako ya tatu hainunuliwi.

Njia safi ni kuwasha mashine kwa mfumo mwingine ulio kwenye kle. Kwa mashine nyingine, pakua Linux Mint (karibu GB 3), iweke kwenye kle ya GB 8 kwa programu ya bure inayoitwa Rufus, kisha uwashe mashine yako kupitia kle hiyo: F9 kwa HP nyingi, F12 kwa Dell na Lenovo nyingi. Chagua kujaribu bila kusakinisha. Soma vizuri hapo, kwa sababu kitufe cha kusakinisha kiko karibu, na hicho kinaweza kufuta diski nzima. Virusi vya Windows havifanyi kazi ndani ya Linux. Faili zake zitakuwepo lakini zimelala.

Fungua diski, nenda Users, jina lako, Documents, Desktop, Downloads, Pictures. Nakili kwenye diski ya nje. Chukua docx, pdf, xlsx, picha, sauti. Acha chochote kinachoishia na exe, scr, bat, vbs, js au lnk, hata kama kina picha ya Word. Faili za docm na xlsm zina makro, yaani programu ndogo ndani yake. Zichukue ukizihitaji, lakini usizifungue kabla ya kuzikagua.

Linux ikikwambia diski ni ya kusoma tu, usibabaike. Ni "Démarrage rapide" ya Windows, ambayo huiacha diski nusu usingizini. Wewe unataka kusoma tu, basi inatosha.

Yaya, sina mega za kupakua GB 3. Hakuna njia nyingine?

Ipo. Toa diski, iweke kwenye kisanduku au waya wa kubadili SATA kwenda USB, ichomeke kwenye mashine nyingine yenye antivirusi iliyosasishwa. Usibofye kitu chochote ndani yake, nakili tu. Ikiwezekana, mashine hiyo iwe ya Linux. Nyingi za laptopu mpya hutumia diski ya M.2, kwa hiyo hakikisha kisanduku ni cha aina hiyo.

Njia ya pili haihitaji chochote: zana za kutengeneza ambazo Windows inazo tayari ndani ya diski. Soma jibu linalofuata.

Nitaingiaje "Mode sans échec" (hali ya usalama) na Windows haifiki hata kwenye nenosiri?

Washa. Nembo ikitokea na vidoti vikianza kuzunguka, shikilia kitufe cha kuwashia mpaka izime. Rudia. Mara ya tatu iache. Itaandika "Préparation de la réparation automatique" na kukupeleka kwenye skrini ya buluu ya kutengeneza, si ile ya hitilafu. Pita "Options avancées", "Dépannage", tena "Options avancées", "Paramètres", "Redémarrer". Ikiwaka upya, bonyeza 4 kwa hali ya usalama ya kawaida, au 5 ukitaka na intaneti. Mimi huanza na 4. Kirusi kisicho na intaneti hakiwezi kuita wenzake.

Ikiingia, nakili kwanza faili zako, fanya ukaguzi kwa antivirusi, kisha ondoa programu uliyoisakinisha siku matatizo yalipoanza. Kama haiingii, kwenye skrini ileile ya buluu jaribu "Restauration du système" kabla ya kitu kingine. Hairudishi nyuma nyaraka zako. Inarudisha rejista na faili za mfumo za siku iliyopita. Wengi wanaipita haraka wakikimbilia amri ngumu, na mara nyingi ndiyo ingetosha.

Neno juu ya kibodi: mfumo wa kutengeneza huuliza mpangilio. Chagua "Français". Ukichagua wa Kiingereza na kibodi yako ni AZERTY, A itaandika Q, na m utaipata kwenye kitufe cha koma. Nenosiri sahihi litakataliwa mpaka ukasirike.

Inaniomba ufunguo wa BitLocker wenye tarakimu 48. Ni wadukuzi?

Hapana, ni Windows yenyewe. Diski imesimbwa, na umebadilisha kitu (BIOS, Secure Boot, njia ya kuwakia) kikaifanya iogope. Laptopu nyingi mpya zenye Windows 11 huwashwa usimbaji huo bila mwenye mali kujua. Ufunguo uko kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuiandaa mashine: ingia account.microsoft.com kwa simu, tafuta kifaa chako. Tarakimu unaweza kuziandika hata kwa vitufe vya F1 hadi F10, ambapo F10 ni sifuri. Bila ufunguo huo, hata Linux haitaona faili zako, na fundi yeyote anayekuahidi kuuvunja anakutafutia hasara.

Naweka nenosiri, inasema "Bienvenue", halafu inanirudisha nje. Au kioo cheusi na mshale tu.

Hizi ni ndugu wawili. Kwa kioo cheusi, bonyeza Ctrl+Maj+Échap. Gestionnaire des tâches ikifunguka, anzisha kazi mpya, andika explorer.exe. Meza (Bureau) ikitokea, basi mstari wa Shell kwenye rejista umechezewa na unaweza kuurekebisha ukiwa ndani.

Kwa inayokutoa, ingia skrini ya buluu ya kutengeneza, "Invite de commandes". Kwanza andika notepad, kisha Fichier, Ouvrir, uone diski yenye folda ya Windows imepewa herufi gani. Huku ndani C inaweza kuwa D. Funga, andika regedit. Bofya HKEY_LOCAL_MACHINE, nenda Fichier, "Charger la ruche", fungua Windows\System32\config\SOFTWARE ya diski yako, uipe jina lolote, tuseme ZAMANI. Ndani yake fuata Microsoft, Windows NT, CurrentVersion, Winlogon. Huko mistari miwili inatakiwa isome hivi:

Shell: explorer.exe
Userinit: C:\Windows\system32\userinit.exe,

Koma ya mwisho ni sehemu yake, usiifute. Na C iache C hata kama huku ndani imepewa herufi nyingine. Rekebisha, bofya ZAMANI, "Décharger la ruche", funga, washa upya.

Ikiwa mistari iko sawa lakini bado inakutoa, huenda faili yenyewe imefutwa. Rudi kwenye amri: sfc /scannow /offbootdir=C:\ /offwindir=C:\Windows, ukiweka herufi uliyoiona kwenye notepad.

Na ile ya "bootrec" wanayoitaja kwenye YouTube?

Ni ya mashine ambayo sehemu ya kuwashia imeharibika. Zamani virusi vilipenda hapo. Brain, kilichotoka Pakistani mwaka 1986, kilikaa kwenye sekta ya kwanza ya disketi. Kwa mashine za mtindo wa zamani (MBR), bootrec /fixmbr kisha bootrec /rebuildbcd husaidia. Kwa mashine za UEFI, yaani karibu zote za siku hizi, fixmbr haina la kutengeneza na fixboot mara nyingi hujibu "Accès refusé". Hapo tumia diskpart, list volume, tafuta kipande kidogo cha FAT32, kichague kwa select volume na namba yake, kisha assign letter=S, exit, halafu bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI. Ukiona neno clean au format kwenye maelekezo ya mtu, ondoka hapo.

Skrini inadai dola. Nilipe?

Usilipe. Kulipa hakukuhakikishii faili.

Tofautisha kwanza. Kama Windows inawaka lakini faili zina kiambishi kigeni mwishoni mwa jina na kuna barua inayodai dola 980, au 490 ukilipa ndani ya saa 72, hiyo ni familia ya STOP/Djvu. Hupita zaidi kwenye programu zilizovunjwa leseni, jambo linaloeleza kwa nini tunaiona hapa. Baadhi ya matoleo yake yana dawa ya bure ya Emsisoft. Tovuti ya nomoreransom.org, iliyofunguliwa 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni mbili za usalama, inakuruhusu kupakia faili moja ili itambue aina. Dawa isipokuwepo leo, hifadhi diski ilivyo. Funguo nyingine hupatikana baadaye.

Kama mashine inakwama kabla ya Windows, ikidai bitcoin kwenye skrini nyeusi au nyekundu, hiyo ni tabia ya Petya ya 2016. NotPetya ya Juni 2017 ilijificha nyuma ya CHKDSK (ukaguzi wa diski wa Windows) ya uongo huku ikifunga jedwali la faili. Aliyezima umeme wakati huo aliweza kuokoa mengi. Lakini usianze kuzima kila CHKDSK unayoiona. Umeme ukikatika mashine ikiwa imewaka, CHKDSK ya kweli kesho yake ni kawaida.

Kle yangu inaonyesha njia za mkato tu, faili zimepotea.

Hazijapotea, zimefichwa. Usibofye njia hizo, maana kubofya ndiko kunakoamsha kirusi. Kwenye mashine safi, fungua amri na uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukibadilisha E kwa herufi ya kle. Wakati mwingine faili ziko ndani ya folda isiyo na jina. Toa zako, futa njia za mkato na faili za vbs, kisha fomati kle. Mama mwenye sekretariati, kama mashine yako ndiyo inayoambukiza kle za wateja, kusafisha kle moja moja hakutakusaidia, safisha mashine.

Fundi fulani anasema dawa ni kufomati tu. Nimkubalie?

Inaweza kuwa kweli, na wakati mwingine mimi mwenyewe nafika huko. Kinachonisumbua ni fundi anayeisema kabla ya kuiwasha mashine. Muulize: faili zangu umezinakili wapi, nizione? Utasakinisha Windows ya wapi? Atakayekuwekea nakala iliyokwisha "kuamshwa" pamoja na programu za bure kumi anaweza kukurudishia kirusi ulicholipia kitolewe. Faili ya Windows inapatikana bure kwenye tovuti ya Microsoft.

Ukifomati C peke yake, D inabaki na vilivyomo, vizuri na vibaya. Kagua D kabla ya kufungua chochote.

Umeme ukikatika katikati ya kazi?

Laptopu: usianze na betri chini ya nusu. Ya mezani: bila ondulere (UPS, kifaa cha kuhifadhi umeme), chagua saa ambayo mtaa wenu huwa na umeme. Kunakili faili kukikatika unarudia tu. Sasisho la BIOS likikatika, unaweza kubaki na mashine isiyowaka kabisa, safari hii bila hata nembo.

Imewaka. Nirudi kazini?

Bado kidogo. Virusi vya siku hizi huiba nenosiri zilizohifadhiwa kwenye kivinjari kabla ya kuharibu kitu. Kwa simu yako, si kwa kompyuta hiyo, badilisha nenosiri la Gmail na Facebook, na uchague kutoka kwenye vifaa vyote. Fungua WhatsApp, "Appareils connectés", toa kompyuta zote zilizomo. Kama ulikuwa umeandika PIN ya pesa za simu kwenye faili ya Word au Excel, ibadilishe leo. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025; ikiwa mashine yako inakubali Windows 11, hamia. Ikiwa haikubali, Linux Mint ile iliyo kwenye kle uliyookolea memwari inasakinishwa bure, na LibreOffice yake inafungua docx. Pitia tu kurasa na jedwali la yaliyomo kabla ya kuchapa nakala ya mwisho.